Siku Mama Aliponituma Kupalia Moto

Nyumba ya mama iliungua wakati wa kiangazi, katika siku zile ambazo majani ya mikorosho hukauka yakalia chini ya miguu kama karatasi, na watu wa Kinondo huanza kuchoma takataka za mashambani wakijiandalia masika. Mimi sikuwapo. Nilikuwa kazini Diani, katika chumba cha kufulia cha hoteli, nikikunja mashuka ya wageni. Ndugu yangu mdogo, ambaye huendesha tuktuk Ukunda, alinipigia simu. Hakuanza kwa salamu, na kwetu mtu asiyeanza kwa salamu ana jambo.

"Dada, toka nje ya geti. Nakuja kukuchukua."

"Kuna nini?"

"Kwa mama kunaungua."

"Na mama?"

"Mama yuko salama. Yuko uani. Toka."

Nilimwomba ruhusa msimamizi wangu kwa maneno ambayo siyakumbuki, nikatoka na aproni yangu mwilini.  Ndugu yangu aliendesha kama mtu anayefukuzwa, nami nilishika chuma cha kiti kwa mikono miwili. Tulipopita Galu tuliuona moshi, mweupe chini, mweusi juu, umelalia upande wa bara kwa sababu upepo ulikuwa unatoka baharini. Nilijiambia pengine ni shamba tu linachomwa. Lakini moshi wa shamba huwa mwembamba, hupanda na kutawanyika. Ule ulikuwa mzito, umekazana.

Nyumba ile aliijenga baba. Ilikuwa ya mawe na udongo, boriti za mikoko, na paa la makuti lililoshuka chini kiasi kwamba mgeni mrefu ilimbidi ainame akiingia. Baba alikuwa fundi wa kuezeka. Hoteli nyingi za pwani hii alizipandia mapaa, naye alikuwa akisema kwamba paa zuri ni lile ambalo mvua hupita juu yake na upepo hupita ndani yake. Alipofariki, mama aliendelea kulitia viraka kila lilipochakaa, akisuka makuti mwenyewe barazani. Tulimshauri aweke mabati. Alituambia hawezi kulala ndani ya sufuria.

Jirani yetu wa upande wa bahari ni mzee aliyetiwa jandoni pamoja na baba. Mama alimwita shemegi, na sisi tumekua tukimwita baba. Shamba lake la mikorosho linapakana na ua wetu. Asubuhi ya siku ile alichoma marundo ya majani, kama alivyofanya kila mwaka tangu nipate akili. Alifyeka ukanda wa kuzuia moto, akaweka ndoo ya maji karibu, akangoja upepo utulie kabla ya kuwasha. Hadi adhuhuri marundo yote yalikuwa yamekwisha kuwa jivu, naye akaenda msikitini. Kumbe ndani ya jivu lile mlikuwa na kisiki ambacho bado kilikuwa kinaliwa taratibu. Upepo ulipoamka uliinua cheche, ukazibeba juu ya ua, ukaziweka kwenye makuti yetu.

Mama alikuwa uani akipepeta mchele. Alisikia sauti juu ya kichwa chake kama mtu anayepasua kanga. Alipoinua uso, paa lilikuwa limeshika. Aliingia ndani akiwa na ungo mkononi, akatazama huku na huku, kitanda, sanduku, picha ya baba ukutani, na moshi ulipomjia akatoka nje. Hakuchukua kitu. Alitoka na ungo wake vilevile alivyoingia nao, na waliomwona wanasema hata punje moja ya mchele haikumwagika.

Tulipofika, watu walikuwa wengi. Bomba lilikuwa kavu, kwa hiyo maji yalitoka kisimani kwa ndoo moja ya kamba, yakapitishwa mkono kwa mkono katika madumu. Vijana walikuwa wakikata migomba na kupiga nyasi kwa matawi mabichi, maana nyuma ya nyumba yetu, mbali kidogo, ndipo unapoanza msitu wa kaya, msitu mtakatifu wa mababu zetu, na wazee walikuwa wakipiga kelele kwamba nyumba itajengwa tena lakini msitu haujengwi. Katika wale waliokuwa mbele kabisa, karibu na joto ambalo mtu hawezi kulistahimili, nilimwona yule mzee jirani. Kanzu yake ya msikitini alikuwa ameikunja kiunoni. Alikuwa akipiga moto kwa tawi la mkorosho, na tawi lenyewe lilikuwa limeanza kuwaka.

Kisha mgongo wa paa ukakatika.

Ulianguka polepole, kama mtu mzima anayeketi chini, na palipoangukia pakainuka ndimi za moto zilizofika urefu wa mnazi. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo limenikaa moyoni kuliko hasara yenyewe. Watu wote walinyamaza. Mistari ya madumu ilisimama. Kijana mmoja alikuwa ameinua ndoo iliyojaa, akabaki nayo vile vile hewani, maji yakimchuruzika mkononi. Waliokuwa na simu walizishusha. Hapakuwa na sauti ila ile ya moto wenyewe. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, "Subhanallah."

Sisi watu wa pwani tuna neno hilo kwa mambo mawili. Tunalisema tukiona msiba, na tunalisema tukiona uzuri, mtoto mchanga au mwezi uliokamilika. Niligeuka nimtazame aliyelisema, nijue amelisema kwa lipi. Alikuwa ameshajiziba mdomo kwa kanga.

Halafu mtu akapiga kelele, ndoo zikaanza kupita tena, na ule utulivu ukavunjika.

Mama nilimkuta amesimama chini ya mnazi, ungo mikononi, mwanga wa moto umemjaa usoni. Nilimwita hakusikia. Nilipomgusa bega alisema, bila kuniangalia, "Baba yako alikuwa akilifunga fundo lake mara mbili." Nikamwondolea ungo. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, ikabidi nivifungue kimoja kimoja.

Magharibi haijaingia nyumba ilikuwa imekwisha. Kuta zilisimama nyeusi, juu hakuna kitu. Msitu ulisalimika. Tulipoanza kuwashukuru watu tulimtafuta mzee jirani hatukumwona. Mtu mmoja alisema alimwona alipolitupa tawi lake chini, akaiangalia mikono yake iliyobabuka, akaondoka kuelekea kwake.

Tulihamia kwa shangazi, hapo hapo Kinondo. Watu walileta vyakula vilivyopikwa, wali, samaki wa kupaka, mihogo, kama wanavyoleta kwenye matanga, na kama kwenye matanga walizungumza kwa sauti ndogo. Mzee jirani hakuja. Wala hakuonekana msikitini. Watu walianza kusema. Wengine walisema ni kadari ya Mungu, wengine walisema kadari huja lakini hutumia mkono wa mtu. Ndugu yangu alikuwa katika hao wa pili.

"Yule mzee ameichoma nyumba ya babangu," alisema usiku wa kwanza, sahani ya chakula mbele yake haijaguswa.

"Upepo ndio ulioichoma," mama akajibu.

"Mama, upepo hauna kiberiti."

 Mama alinawa mikono, akaenda kulala.

Kila siku asubuhi alitoka kwa shangazi akaenda kukaa kwenye kibao mbele ya lile jivu. Jivu lilikuwa bado lina joto chini. Alikuwa akikaa tu, akitazama. Nilipomuuliza anatazama nini aliniambia hatazami kitu, macho yamezoea njia.

Mimi nilirudi kazini. Hoteli ina desturi ya kuwaleta vijana wa sarakasi mara moja kila wiki, kabla ya chakula cha jioni, na mwisho wa mchezo wao ni moto. Huwasha vijiti, wakavizungusha, wakavipitisha chini ya miguu, wakapuliza ndimi kutoka midomoni. Nilikuwa nimeuona mchezo ule mara nyingi sana, hata nilikuwa siuangalii tena. Jioni ile nilikuwa nikipita na taulo, nikasimama nyuma ya nguzo. Nilitazama wageni badala ya wachezaji. Wazee, vijana, watoto waliokuwa wakililia simu zao, mume na mke ambao tangu wafike nilikuwa sijawaona wakielekezana nyuso. Moto ulipowashwa wote walinyamaza, vinywa vimefunguka kidogo. Niliujua utulivu ule. Ndio ule ule wa uani kwetu. Niliweka taulo juu ya meza iliyokuwa karibu, nikaenda kukaa chumba cha kufulia mpaka mchezo ukaisha.

Kutoka siku ile nilianza kujiuliza jambo ambalo halikunisaidia kujenga hata ukuta mmoja: kwa nini tunautazama? Nilipokuwa mdogo, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitutisha kwa moto kila siku. Alituambia habari za Jehanamu mpaka wengine wakalia. Na sisi tulipotoka pale, jambo la kwanza tulilofanya nyumbani ni kulizunguka koroboi, kupitisha vidole juu yake upesi upesi, kuona nani ataweza kukawia. Mama alitukemea. Baba alikuwa akimwambia, "Waache, watajifunza," naye mwenyewe macho yake yako kwenye koroboi. Mtu huogopa nyoka, lakini hakai akamtazama nyoka kwa raha. Moto tunauogopa na bado tunausogezea kiti.

Siku ya kuondoa jivu ilipofika, watu wa mtaa walikuja na majembe na matoroli. Tulizoa siku nzima. Tuliokota kufuli lililoyeyuka, vikombe vilivyogandana, na mguu wa cherehani. Jikoni, ambapo palikuwa ni kibanda kilichoshikana na nyumba, jembe la ndugu yangu liligonga jiwe. Alifukua akatoa figa moja, halafu la pili na la tatu. Yalikuwa meusi kama yalivyokuwa siku zote. Mafiga hayaungui, maana yamekwisha kuungua tangu zamani.

Mama alikuja akayatazama. Akachukua ufagio wa chelewa, akafagia mahali pale mwenyewe, akayapanga upya, akiyasukuma kwa kisigino mpaka yakakaa sawa. Kisha akasema, "Leteni kuni. Watu hawa wamefanya kazi tangu asubuhi, hawawezi kuondoka kwangu bila chai."

Ndugu yangu alichomoa kiberiti mfukoni. Mama akatikisa kichwa.

"Moto wa kwanza wa nyumba hauwashwi kwa kiberiti," alisema. "Unaombwa kwa jirani." Akanigeukia mimi. "Chukua kigae kile, uende kwa shemegi. Mwambie nimekutuma kupalia moto."

Watu waliokuwa karibu waliacha kuzoa. Zamani, kabla ya viberiti kuwa vitu vya kila duka, nyumba iliyozimikiwa moto ilimtuma mtoto kwa jirani akalete kaa katika kigae cha chungu. Huko ndiko kupalia moto. Bibi zetu walikuwa wakisema kwamba majirani wasiopaliana moto si majirani, wamepakana tu. Mimi mwenyewe niliwahi kutumwa mara chache nikiwa mdogo sana. Lakini miaka yote hii hakuna aliyekuwa akifanya hivyo, na kila mtu pale alielewa kwamba mama hakuwa amekosa kiberiti.

"Kwa yule?" ndugu yangu akauliza. "Mama, kwa yule?"

"Kwani upande wa bahari nina jirani mwingine?"

Ndugu yangu alitupa jembe, akaenda kukaa ndani ya tuktuk yake. Mimi nilichukua kigae, nikapita penye uwazi wa ua ambao nimekuwa nikiupita tangu nianze kutembea.

Nilipiga hodi. Mke wa mzee ndiye aliyenikaribisha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za mama.

"Mama hajambo. Amenituma kupalia moto."

Alikitazama kigae mkononi mwangu, kisha akanitazama usoni, kama mtu anayengoja kuambiwa kwamba ni mzaha.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "hapa hapana moto."

Akanionyesha jikoni kwake. Mafiga yalikuwa baridi, yamefagiliwa, chungu kimefunikwa kifudifudi. Aliniambia kwamba tangu siku ile mumewe amekataza moto katika ua wake. Walikuwa wakila mkate na ndizi mbivu, na chai waliletewa na binti yao katika chupa.

"Hata taa ya mafuta amekataza," alisema. "Tunalala gizani kama wakosaji."

Mzee alisikia sauti yangu akatoka. Alikuwa amepungua. Mikono yake yote miwili ilikuwa imefungwa bendeji za zahanati, nayo aliishika mbele yake kama vitu vya mtu mwingine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani anataka moto?"

"Mama."

"Moto wangu?"

"Ameniambia nije kwako. Hakuniambia kwa mwingine."

Aliketi kwenye kizingiti. Nami nilisimama mbele yake na kigae changu.

"Mamako ana hasira na mimi?"

"Hajasema, baba."

"Na nduguyo?"

Nilifikiri kumficha, nikaona haifai. "Yeye ana hasira."

Akaitikia kwa kichwa, na nikaona mabega yake yameshuka kidogo, kama kwamba hilo lilikuwa rahisi zaidi kubeba. Kisha akamwambia mkewe alete kiberiti.

Tulikwenda jikoni watatu. Mkewe aliweka makumbi ya nazi katikati ya mafiga, na vifuu juu yake. Mzee alichuchumaa, akajaribu kushika njiti kwa vidole vilivyotokeza kwenye bendeji. Ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikaanguka. Nilisogea nimsaidie, lakini mkewe alinigusa mkono akatikisa kichwa. Njiti iliyofuata iliwaka. Aliilinda kwa kiganja, akaisogeza kwenye nyuzi za kumbi, na ule moto mdogo ukashika, ukafuka, ukasita, ukashika tena.

Makaa hayapatikani upesi. Ilibidi tungoje vifuu viungue. Tulikaa tukautazama moto, sote watatu, mpaka vifuu vilipoanza kuwa vyekundu kwenye kingo.

"Nimechoma shamba lile tangu ujanani," mzee alisema, macho yake hayakuondoka motoni. "Kila mwaka, kazi ikiisha, nilikuwa nikikaa pale nautazama. Mke wangu huyu ni shahidi. Alikuwa akinicheka, ananiambia moto umekwisha njoo ule, nami nasema nakuja. Siji. Nakaa mpaka cheche ya mwisho izimike, si kwa kulinda, mwanangu, nisikudanganye. Kwa kupenda tu kuutazama. Mwaka huu adhana ikatoka nami bado nimekaa, nikajionea haya. Nikajiambia, mzee mzima, umeketi unautazama moto kama mtoto. Nikainuka nikaenda. Siijutii swala. Lakini ndoo ya maji ilikuwa pale pale, nami sikuimwaga."

Mkewe alikuwa akilia bila sauti.  Moto ulikuwa ukitoa mlio mdogo. Nilipomtazama mzee, uso wake ulikuwa umebadilika kidogo, si kwa furaha. Ulikuwa uso wa mtu aliyerudishiwa kitu chake na anaogopa kukishika.

Alichukua koleo mwenyewe, akaniwekea makaa kwenye kigae, akayafunika kwa jivu. "Usiyapepee njiani," alisema. "Yatalala, lakini hayatakufa."

Nikashukuru nikatoka. Nilipofika penye uwazi wa ua nilisikia hatua nyuma yangu. Alikuwa anakuja, mbali kidogo, kama mtu ambaye anaweza kugeuka wakati wowote. Sikugeuka kumtazama, nikihofu atarudi.

Uani kwetu watu walimwona wakampisha njia. Mama alipokea kigae kutoka kwangu, akakiweka chini, kisha akasimama.

"Karibu, shemegi. Kibao kile pale."

"Sina uso wa kukaa hapa," mzee akasema.

"Uso unao, mbona mimi nauona. Keti."

Akaketi. Mama alimimina makaa katikati ya mafiga, akayaondolea jivu kwa pumzi yake, akaweka majani makavu, vijiti, kisha kuni. Moto ulipopanda alibandika sufuria kubwa ya kuazima. Watu walisogea mmoja mmoja. Walikuwa ni wale wale waliopitisha madumu, waliokata migomba, wenye makovu mapya mikononi, na sasa walikuwa wameketi duara kuuzunguka moto, magoti yameelekea kwake. Hakuna aliyesema habari ya nyumba.  Nilielewa kidogo wakati ule. Kama tungeketi pale bila moto, tungelazimika kutazamana, na jioni ile hakuna aliyekuwa na nguvu za kutazamana. Mzee hakuweza kuyatazama macho ya mama, wala mama hakutaka kuyatazama ya mzee mpaka yawe tayari. Moto ulitupa sote mahali pa kuyaweka macho.

Ndugu yangu alibaki ndani ya tuktuk. Mama alimpelekea chai mwenyewe, akampa, akarudi. Alipoimaliza alikuja kurudisha kikombe. Ukuni mmoja ulikuwa umetoka nje ya mafiga, umeungua nusu, upo karibu na mguu wa mzee. Ndugu yangu aliusukuma ndani kwa ncha ya kandambili yake, akaenda zake. Hakumwamkia mzee. Ilimchukua muda mrefu zaidi ya hapo kumwamkia.

Watu walipoondoka tulibaki mimi na mama tukisuuza vikombe. Aliniambia, kwa sauti ya mtu anayezungumza habari za kawaida, "Ulikuwa mzuri, ule moto."

Niliacha kusuuza, nikamtazama.

"Paa lile tumelisuka mimi na baba yako miaka yote," akaendelea, "kuti moja moja, na sijapata kuliona lote kwa mara moja. Ukiwa chini unaona giza tu. Siku ile lilipowaka nililiona kila kuti peke yake, na kila fundo. Kazi yote ya baba yako ikaonekana. Halafu ikaondoka." Akakung'uta kikombe, akakiinamisha kwenye ungo. "Usimwambie nduguyo. Hataelewa bado."

Nyumba mpya tuliijenga baada ya masika, na mama alikubali mabati akinung'unika. Boriti zilitoka kwa mzee jirani, naye alisimama siku zote za ujenzi akitoa ushauri ambao mafundi hawakuuhitaji. Shamba lake hakulichoma tena. Majani aliyazoa kwa reki akayafukia mashimoni, na majirani wengine waliendelea kuchoma kama kawaida. Kila mwaka ulipofika wakati ule alikuja kukaa kwa mama, jikoni, mpaka siku za kuchoma zipite.

Mzee alifariki mwaka jana, kwa ugonjwa wa uzee, katika hospitali ya Msambweni, na akazikwa chini ya mikorosho yake. Matanga yalikuwa kwake. Wanawake tulikuwa ndani na jikoni, na wanaume waliketi nje kuuzunguka moto, kama ilivyo desturi. Nilipochungulia uani niliona kwamba aliyekuwa akiuangalia moto wa wafiwa, akitia kuni na kuondoa jivu, ni ndugu yangu. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa ameegesha tuktuk yake nje tangu asubuhi, na hakwenda kazini siku zote za matanga. Kila jioni aliuwasha, na hakuuacha mpaka mtu wa mwisho aondoke, na hata baada ya hapo alibaki amechuchumaa mbele yake peke yake, mikono juu ya magoti, anautazama.

Usiku wa mwisho alikuja mlangoni mwa jikoni, nguo zake zinanuka moshi, akaniuliza kama kahawa ya watu wa nje imekwisha chemka. Nikampa buli. Akalipokea kwa ncha ya kanzu, akarudi kwenye moto.